Hela ya matuta na zebra mbele ya shule inapatikanaje

Watu wengi wakitaka tuta mbele ya shule wanaanza kuzunguka na bahasha wakitafuta mfadhili, na hapo ndo wanapokwama. Kwa hapa Tanzania anza na swali moja, hii barabara ni ya nani? Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaani na vijijini ni za TARURA tangu 2017. Ukikosea ofisi, barua itakaa mezani mpaka ipauke. Kama hujui muulize mtendaji wa kata, wala sio siri.

Alafu usiombe "usalama barabarani", hakuna mhandisi anayejua hiyo inauzwa bei gani. Omba vitu vinavyohesabika: matuta mawili, zebra, vibao, njia ya waenda kwa miguu kuanzia kona mpaka getini, nguzo fupi za kuzuia bodaboda wasipite kwenye hiyo njia. Na geti jamani, wakati mwingine kulihamishia upande wa kichochoro kunamaliza nusu ya tatizo na gharama yake ni fundi, saruji na chuma tu. Mfano mzuri uko Dar, shirika la Amend na mradi wao wa usalama barabarani kuzunguka shule, SARSAI, walifanya vitu vya namna hiyo hiyo kwenye shule za msingi, wakaongezea na mafunzo kwa wanafunzi, na 2019 wakabeba tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center, dola 250,000. Utaje kwenye barua yako, afisa akijua kitu kimeshafanyika hapahapa nchini anakosa pa kukwepea.

Sasa ushahidi, hapa usifanye haraka. Kaeni watu wawili nje ya geti kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka kengele ya darasani, siku za shule za kawaida sio siku ya mtihani, mmoja ahesabu watoto wanaovuka kutoka kila upande na wanaokuja na baiskeli, mwingine aweke alama kwenye mchoro wanapovukia kweli, maana watoto hawavuki pale mlipopanga nyie, wanavuka penye njia ya mkato, penye muuza maandazi, penye daladala inaposhushia. Walimu waulizwe nani kagongwa na wapi, wazazi wenye PF3 (ile fomu ya polisi ya majeruhi) watoe nakala. Picha pigeni ila sura za watoto zisionekane.

Muda nao. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai lakini vipaumbele vinakusanywa miezi mingi kabla, kuanzia mkutano wa mtaa, kamati ya maendeleo ya kata, ndo halmashauri, kwahiyo ukija na barua mwezi wa tano unaomba bajeti ya mwakani. Hakikisha ombi limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, na diwani awe na nakala.

Kwa vitu vidogo kuna Mfuko wa Jimbo, uko kisheria tangu 2009 na mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake. Peleka mchanganuo wa gharama wenye bei za dukani. Sheli au kiwanda cha jirani waombe vifaa, sio hela taslimu, mifuko ya saruji inaonekana, hela haionekani. Wazazi wakichanga iwe hiari, iwe na risiti, na asirudishwe mtoto nyumbani kwasababu ya mchango.

Ila msijenge tuta la kienyeji usiku bila kibali, mnawasaidia wanafunzi mnaua wa bodaboda.

Hela za baiskeli za wanafunzi nazo, watu huwa wanaishia kununua baiskeli tu. Weka kwenye bajeti chuma cha kufungia, pampu na hela ya fundi, la sivyo mwisho wa mwaka zimejaa stoo hazina tairi. Na rangi ya zebra inafutika, kurudia kupaka iandikwe kwenye ombi tangu mwanzo kama gharama ya kila mwaka.

Ukienda kupeleka barua beba nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokelewa ubaki nayo, wiki mbili zikipita bila jibu rudi nayo mkononi uulize imefikia kwa nani.