Umetumiwa habari ya "tiba mpya ya macho"? Fanya hivi kabla hujaishangilia

Juzi shangazi kanipigia simu ana furaha mpaka maneno yanamkwama, katumiwa klipu kwenye grupu la familia, mzee mmoja kavaa miwani nyeusi mikubwa anasoma herufi moja moja, chini wameandika upofu umepata dawa. Anataka kujua inapatikana wapi na lini aende. Nikamuuliza, shangazi, ugonjwa wako wa macho unaitwaje? Kimya. Halafu akasema, "si macho tu mwanangu, hayaoni vizuri."

Na hapo ndo wengi tunapokwama. Utafiti wa macho umekwenda mbio kweli miaka hii, sio porojo, ila karibu kila tiba mpya imelengwa kwenye ugonjwa mmoja, tena hatua moja ya huo ugonjwa, wakati mwingine jeni moja tu, sasa kama hujui unaumwa nini utashangilia dawa ya mtu mwingine. Kwa hiyo kitu cha kwanza achana na klipu, tafuta jina la ugonjwa.

Ukienda kliniki usitoke na "macho yamechoka kwa umri". Omba daktari akuandikie kwenye karatasi jina la ugonjwa, jicho lipi, hatua gani, na kila jicho linasoma mpaka mstari gani. Mtoto wa jicho ni lenzi imeingia ukungu. Glakoma, wengi wanaita presha ya macho, ni ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu. Kisukari kinaharibu vimishipa vidogo vya damu kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma unaopokea mwanga. Kuchakaa kwa makula kunakula katikati ya retina, pale pale unapotumia kusoma na kutambua sura za watu. Magonjwa manne, na mara nyingi dawa ya hili haigusi lile.

Kama walikupiga skani ya OCT omba nakala. Ni ile mashine unaweka kidevu, unakodolea taa ndogo, sekunde chache imeisha, hakuna sindano wala maumivu. Inatumia mwanga kuonyesha matabaka ya retina kama vile unaangalia kitabu kilichofungwa kwa upande wa kurasa. Teknolojia yenyewe ilitangazwa 1991 na kwa maoni yangu ndo imebadilisha matibabu ya macho kuliko dawa yoyote ile, maana zamani daktari alikuwa anakisia kama kuna maji chini ya retina, sasa anayaona.

Shangazi akarudi na karatasi yake: kuchakaa kwa makula, aina kavu, jicho la kushoto hatua ya mwisho, la kulia hatua ya kati. Sasa tunaweza kuongea.

Rudi kwenye klipu, tafuta kifaa au dawa inaitwaje. Ya shangazi kilikuwa kifaa kinaitwa PRIMA. Ni kachipu ka milimita 2 kwa 2, kana vipokea mwanga 378, kanapachikwa chini ya retina pale katikati palipokufa. Miwani ina kamera, inachukua picha inairusha kwenye chipu kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, chipu inageuza kuwa umeme unaoamsha seli za retina ambazo bado ziko hai. Matokeo yalitoka Oktoba 2025 kwenye jarida la New England Journal of Medicine: watu 38 waliwekewa, 32 wakapimwa baada ya mwaka, 26 kati yao walikuwa wanaona vizuri zaidi kwa kiwango chenye maana. Hiyo sio kidogo jamani. Ila soma na upande wa pili, wanaona maumbo ya mwanga na giza sio rangi, wanatumia kitufe cha kukuza herufi, na walifundishwa kwa miezi mingi kuielewa hiyo picha. Na ukielewa inavyofanya kazi utajua mwenyewe kwa nini mtu wa glakoma haimsaidii: seli za retina zinaamshwa sawa, lakini mshipa wa kupeleka habari kwenye ubongo ndo umekufa, ni kama kupiga simu waya umekatwa.

Swali moja watu hawaulizi kwenye vifaa: kikiharibika nani anatengeneza? Kuna kifaa kingine cha retina, Argus II, kilikubaliwa Marekani 2013, baada ya miaka michache kampuni ikaacha kukitengeneza, na watu wakabaki nacho machoni bila msaada wa maana.

Kingine cha kuangalia ni kitenzi. Habari inasema dawa *inarudisha*, *inazuia* au *inapunguza kasi*? Hapa ndo watu wanapigwa chenga kila siku. Kwa aina kavu, Marekani walikubali dawa mbili mwaka 2023, pegcetacoplan na avacincaptad pegol, zote sindano za ndani ya jicho za kurudiarudia. Zinapunguza kasi ya kile kiraka kilichokufa kutanuka, basi, kilichokwenda kimekwenda. Ulaya wakaikataa ile ya kwanza 2024 kwa sababu kiraka kutanuka polepole hakukuonyesha kwamba mgonjwa mwenyewe anaona tofauti kwenye maisha yake. Data zile zile, wadhibiti wawili, majibu mawili, kwa hiyo ukiona neno "imeidhinishwa" uliza na nani na kwa ajili ya nini.

Kuchakaa kwa makula kuna aina nyingine, ya majimaji, na hiyo ni habari nyingine kabisa, hapo vimishipa vibovu vinavujisha damu na maji, na tangu dawa ya ranibizumab ilipokubaliwa 2006 sindano zimeokoa macho mengi sana. Faricimab ya 2022 inazuia kemikali mbili za mwili zinazochochea huo uvujaji badala ya moja na baadhi ya wagonjwa wanaweza kukaa hadi miezi minne kabla ya sindano nyingine. Neno sindano ya jicho linatisha kuliko sindano yenyewe: matone ya ganzi, dawa ya kuua vijidudu, kakibanio ka kushika kope, sindano inachomwa kwenye weupe wa jicho, umeshamaliza. Ila siku zinazofuata jicho likiuma zaidi, likawa jekundu na kuona kukapungua, rudi siku hiyo hiyo, hiyo inaweza kuwa maambukizi ya ndani na hayasubiri.

Tiba ya jeni nayo, Luxturna, ilikubaliwa Marekani Desemba 2017, ni ya watu ambao nakala zote mbili za jeni ya RPE65 zina hitilafu na bado wana seli hai kwenye retina. Bei ilipotangazwa ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Kwa hiyo kama kwenu kuna upofu wa kurithi hatua ya kwanza ni kipimo cha jeni, bila hicho unabahatisha tu.

Halafu angalia nani alijaribiwa. Panya? Mbwa? Watu wangapi, na walilinganishwa na nani? Mwaka 2015 ilitoka habari kwamba kemikali iitwayo lanosterol imepunguza mtoto wa jicho kwa mbwa, mpaka leo kuna watu wanauza matone ya "kuyeyusha mtoto wa jicho" kwa habari hiyo hiyo. Tiba ya mtoto wa jicho bado ni upasuaji wa kubadilisha lenzi, alioanza Harold Ridley London mwaka 1949, baada ya kuona vipande vya plastiki vya vioo vya ndege vinakaa kwenye macho ya marubani bila kuleta vurugu. Na wazazi wenye watoto wasioona mbali, dozi ni muhimu kama dawa: matone ya atropini ya asilimia 0.05 yalifanya vizuri kwenye utafiti wa Hong Kong, utafiti wa Marekani wa 2023 ukaona ya asilimia 0.01 hayana tofauti na matone yasiyo na dawa. Ukisikia tu "atropini inasaidia" hujasikia kitu bado.

Sasa pesa, na hapa nitakuwa mkali. Kuna wanawake watatu Florida, walikuwa na miaka 72 hadi 88, wenye ugonjwa kama wa shangazi, walichomwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka aina nyingine, zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo lao wenyewe, macho yote mawili siku moja. Walilipa dola 5,000 kila mmoja. Wote walipoteza uwezo mkubwa wa kuona, mmoja haoni hata mwanga, habari yao ilichapishwa 2017. Na kliniki ilikuwa na utafiti ulioandikishwa kwenye tovuti ya ClinicalTrials.gov, orodha ya Marekani ya majaribio ya tiba, kwa hiyo kuwemo kwenye ile orodha sio muhuri wa ubora. Wewe shika mambo mawili, utafiti wa kweli kwa kawaida haukutozi pesa ya dawa inayojaribiwa, na hakuna mtafiti mwenye akili timamu anayechoma kitu kipya kwenye macho yote mawili siku moja. Ukikuta mojawapo, ondoka, usiage.

Mengine mazuri hayatengenezewi klipu. Mwaka 2019 utafiti wa Uingereza ulionyesha ukianza kutibu glakoma kwa leza badala ya matone, karibu wagonjwa watatu kati ya wanne walikaa miaka mitatu bila kuhitaji matone. Muulize daktari wako kama leza inakufaa.

Shangazi tulimwandikia maswali matatu kwenye karatasi ile ile. Jicho la kushoto linafaa kifaa kama hiki au bado? La kulia nifanyeje lisifike huko? Nikiona nini nije mbio? La kwanza jibu lilikuwa bado, subiri. La pili, vidonge vya vitamini na madini vya mchanganyiko unaoitwa AREDS2, ambao toka 2013 beta-karotini imetolewa kwa sababu inaongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara, kwa hiyo soma kopo kabla hujanunua. La tatu akapewa karatasi ya mirabaraba, ya Amsler. Kaibandika ukutani karibu na kioo, kila asubuhi anavaa miwani yake ya kusomea, anaziba jicho moja, anatazama nukta ya katikati, kisha anabadili. Mistari ikipinda au pakatokea shimo, anampigia daktari siku hiyo hiyo, mimi baadaye.