Kula Vietnam: kila chakula saa yake, kila mji chungu chake

Vietnam kila chakula kina saa yake na mji wake, na mgeni asiyelijua hilo huishia kusema phở, supu ya tambi za mchele, ni supu ya kawaida tu. Vibanda vya phở vinavyosifika Hanoi hufungua saa 12 asubuhi, na vingi chungu kimeisha kabla ya saa 5. Bún chả, yaani nguruwe wa kuchoma kwa makaa na tambi za mchele, ni ya mchana, kuanzia saa 5 hadi saa 8. Konokono na bánh xèo, chapati nyembamba ya kukaanga, ni vya jioni. Soko la boti la Cái Răng, karibu na Cần Thơ, huchangamka alfajiri. Ukifika saa 3 asubuhi utakuta watalii wanatazamana wao kwa wao. Panga kwanza saa za kula, makumbusho na mahekalu yajaze nafasi zinazobaki. Kumbuka tu kwamba saa 12 asubuhi kwenye ubao wa duka itaandikwa 6h.

Kipindi cha kuepuka ni Tết, mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, unaoangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari au kupita kidogo (mwaka 2027 ni tarehe 6 Februari). Wapishi hurudi kwao, na vibanda vingi hufungwa kwa wiki nzima. Vinavyobaki wazi hupandisha bei.

Kuchagua kibanda

Duka la kuaminika huuza kitu kimoja. Ubao utasema "Phở bò" au "Bún bò Huế" basi, pengine na namba ya nyumba au jina la mwenye duka. Sababu iko jikoni: supu ya mifupa huchemka kwa saa nyingi, na anayeuza mabakuli kwa mamia ya kitu hichohicho hana nafasi ya kubakiwa na nyama ya jana. Menyu ya kurasa kumi, yenye picha za kila kitu kuanzia piza, maana yake ni friji kubwa.

Ukikuta viti vya plastiki vitupu katika saa ya kula, endelea kutembea. Vikijaa wenyeji, kabla hujakaa tazama chungu kama kinatokota au kina uvuguvugu tu. Tazama pia kama anayepokea fedha ndiye huyohuyo anayeshika nyama kwa mkono mtupu, na beseni la kuoshea vyombo kama maji yake hubadilishwa. Dakika moja inatosha.

Mwongozo wa Michelin, unaoorodhesha migahawa bora, uliingia Hanoi na Jiji la Ho Chi Minh mwaka 2023, Da Nang ikaongezwa mwaka 2024, na maduka ya bei nafuu yamo. Ni pa kuanzia, ila foleni yake huwa ya wageni peke yao. Duka la jirani mara nyingi linapika vizuri vilevile na unakaa papo hapo.

Mhudumu haji mpaka umwite. Aliye mdogo kwako ni "em ơi", aliye sawa na kaka yako ni "anh ơi", dada ni "chị ơi", na mwanamke wa rika la shangazi yako ni "cô ơi". Kuita kwa sauti kule si ufidhuli. Wanaokaa kimya kwa adabu ndio wanaochelewa kula. Ukimaliza, sema "tính tiền" upewe hesabu.

Fedha

Beba taslimu. Vibanda havipokei kadi, na zile picha za kuskani ukutani zinahitaji, kwa kawaida, akaunti ya benki ya nchini. Dola moja ya Marekani ni kama dong 25,000 na kitu, kwa hiyo sifuri zitakuchanganya. Ubaoni 50k, au hata 50 peke yake, ni dong 50,000. Hatari kubwa iko kwenye noti mbili za rangi ya bluu, ya 20,000 na ya 500,000: gizani zinafanana, na ukitoa moja badala ya nyingine umelipa mara ishirini na tano. Tenga noti kubwa mfuko wa peke yake.

Kwa makadirio, bakuli la phở mtaani ni dong 40,000 hadi 70,000, mkate wa bánh mì 20,000 hadi 40,000. Kitambaa chenye unyevu kilichofungwa kwenye plastiki, na wakati mwingine kisahani cha karanga ulichokikuta mezani, vinalipiwa. Ni hela ndogo, usipovitaka, usivifungue.

Penye mzozo wa kweli ni vyakula vya baharini. Menyu ikiandikwa "thời giá", bei ni ya soko la siku hiyo, yaani hujaambiwa kitu. Uliza bei kabla kamba hajaingia jikoni, na uliza ni ya kilo au ya lạng, ambayo ni gramu 100. Kisha simama karibu na mizani. Ukibishana wakati maganda yako sahanini, umeshindwa.

Kaskazini: phở, na ule mchuzi wa uduvi

Ubao wa phở unakutaka uchague nyama. Bò ni ng'ombe, gà ni kuku. Kwa ng'ombe, tái ni vipande vyembamba vibichi vinavyoivishwa na supu inayomiminwa juu. Chín ni nyama iliyokwisha kuiva. Gầu ni kidari chenye mafuta. Gân ni kano laini. Bò viên ni vidonge vya nyama ya kusaga. Kama tumbo bado halijazoea nchi, anza na chín.

Bakuli likifika, onja supu kabla ya kutia chochote. Wengi hukamua ndimu na kumimina mchuzi wa pilipili kabla ya kuonja, na hapo kazi ya usiku kucha ya mpishi imepotea. Baada ya kuonja, tia ndimu robo kipande, pilipili mbichi kidogo, onja tena. Hanoi utakuta siki ya kitunguu saumu na quẩy, vijiti vya unga vilivyokaangwa. Vichovye kidogokidogo, vikilala ndani ya supu vinakuwa uji. Kusini utaletewa sahani ya majani mabichi, chipukizi za choroko, na michuzi miwili: mweusi mtamu na mwekundu wa pilipili. Iweke kwenye kisahani uchovye nyama. Ukiimimina kwenye bakuli supu inageuka tamu na nzito. Vijiti vya kulia chakula shika mkono wa kulia, kijiko mkono wa kushoto, na kula upesi, maana tambi zikikaa zinavimba.

Kwenye bún chả kosa ni kumimina mchuzi juu ya tambi. Fanya kinyume: chukua tambi kiasi cha mkupuo mmoja, zitie kwenye bakuli la nyama na mchuzi, ongeza majani, kula, rudia.

Kinachowashinda wageni wengi Hanoi ni bún đậu mắm tôm, sinia la tofu ya kukaanga, tambi zilizobanwa na kukatwa vipande, matango, majani na mara nyingi nguruwe wa kuchemsha. Tatizo ni mắm tôm, uduvi waliosagwa na kuchachushwa kwa chumvi, wenye rangi ya zambarau na harufu inayofika kabla ya sahani. Usiuchovye kama ulivyoletwa. Tia sukari nusu kijiko cha chai, kamua vindimu vidogo viwili, weka pilipili iliyokatwa, kisha mwombe muuzaji kijiko kimoja cha mafuta ya moto kutoka kwenye karai la tofu. Piga kwa vijiti, haraka, mpaka povu jeupe lifunike uso wote. Chumvi inatulia, harufu inapungua makali, na tofu yenye ganda kavu inaubeba vizuri. Ukiona bado hauwezekani, sema "nước mắm" upewe mchuzi wa samaki badala yake; huombi kitu cha ajabu.

Katikati: sahani ndogondogo

Huế, Da Nang na Hội An ziko karibu. Kutoka Huế hadi Da Nang ni kama kilomita 100, na Hội An iko kilomita 30 hivi mbele, ila haina stesheni ya treni: shuka Da Nang uchukue gari.

Huế wanapenda pilipili kuliko miji mingine mingi, kwa hiyo onja kabla ya kuongeza. Bún bò Huế, supu ya mchaichai na uduvi wa kuchachushwa, ina jina la ng'ombe lakini ndani huwa na mguu wa nguruwe na vipande vya damu iliyogandishwa. Kitamu zaidi mjini humo ni vile vidogo: bánh bèo, visahani vya uji mzito wa mchele uliopikwa kwa mvuke na kunyunyiziwa kamba wakavu, bánh nậm, mkate bapa ndani ya jani la mgomba, bánh bột lọc, wa wanga wa muhogo, unaong'aa kiasi cha kuonyesha kamba aliye ndani. Huagizwa kwa sinia. Watu wawili waanze na aina moja moja, kwa sababu vinaonekana kidogo na vinashibisha.

Mì Quảng na cao lầu huleta malalamiko yaleyale kila siku: "supu iko wapi?" Hakuna. Ni tambi zenye mchuzi wa chini tu, unaokoroga kuanzia kitako cha bakuli. Vunjavunja ule mkate mkavu wa mchele juu yake wakati unakula, si mapema.

Kusini

Hapa sukari na nazi huingia kila mahali. Cơm tấm ni wali wa chenga, na kwa kawaida huja na mbavu za nguruwe. Kuku wa kuchoma pia hupatikana. Bánh xèo ya kusini ni kubwa, ya unga wa mchele, manjano na tui. Kata kipande cha vidole viwili, kilaze juu ya jani kubwa la saladi, tia majani ya viungo, kunja kwa kubana, chovya. Ukiweka kingi jani litapasuka na mchuzi utaishia kwenye kiwiko.

Kahawa ya maziwa mazito ya kopo, cà phê sữa đá, hudondoka kutoka kwenye kichujio cha bati kwa dakika 4 au 5. Usilibonyeze lile bati la juu ya unga ili iharakishe. Unga utapita chini. Ni robusta, kali, kwa hiyo jioni iache.

Asiyekula nguruwe

Nguruwe ni thịt lợn kaskazini na thịt heo kusini, lakini kusema hutaki nyama yake hakutoshi. Mifupa yake iko kwenye supu nyingi, mafuta yake kwenye vikaango, na bánh mì karibu zote hupakwa pâté ya maini. Phở gà nayo si dhamana, kwa sababu kuku hakuchinjwa kwa sharti la halali.

Njia ya uhakika ni mbili. Kwanza, maduka ya Waislamu: Jiji la Ho Chi Minh yako karibu na msikiti wa mtaa wa Đông Du, na jamii ya Wacham Waislamu wako mkoa wa An Giang, upande wa Châu Đốc, wenye soseji yao ya ng'ombe iitwayo tung lò mò. Hanoi msikiti uko mtaa wa Hàng Lược. Waulize wanaosali hapo. Pili, neno "chay". Duka lenye ubao huo halitumii nyama wala mchuzi wa samaki, na tarehe 1 na 15 za mwezi wa kalenda yao vyakula hivyo huwa tele.

Mbao za kuzifahamu pia: "thịt chó" na "cầy tơ" ni mbwa. "Tiết canh" ni damu mbichi iliyogandishwa, na imewaua watu kwa bakteria za nguruwe. Hiyo ikatae hata ukiwa mgeni wa heshima mezani. Mwenye mzio wa karanga ajue majina yote mawili: lạc kaskazini, đậu phộng kusini. Ziandike kwenye simu pamoja na "dị ứng", yaani mzio, uonyeshe kabla ya kuagiza, kwa sababu karanga hunyunyiziwa mwisho kabisa bila kuulizwa.

Maji na tumbo

Maji ya bomba hayanywewi. Barafu ya vipande vya mviringo vyenye tundu katikati hutoka kiwandani na kwa kawaida haina neno. Ile iliyopasuliwa kutoka kwenye bonge imepita kwenye sakafu na magunia, iache. Majani mabichi nayo huangusha wengi. Siku mbili za mwanzo yazamishe kwenye supu inayotokota, na chipukizi ziombe za kuchovywa maji moto: "giá trụng".

Usichomeke vijiti wima kwenye wali. Ndivyo ubani unavyowashwa kwa ajili ya marehemu.

Tumbo likiharibika, kunywa chumvi za kuongeza maji, ambazo famasi huuza kwa jina la oresol, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Kula wali mweupe au cháo, uji wa mchele. Ukiona damu chooni, homa kali, au hali isiyotulia baada ya siku mbili, nenda hospitali ukiwa na majina ya ulivyokula.