Kukiingiza chombo kilichozama kwenye miwani ya uhalisia pepe bila kukigusa

Huku Mwanza, anayejua chombo kilipozama ni mvuvi, maana ndiko nyavu zake hunasa. Anzia mwaloni, wanakoshushia samaki. Mimi nilionyeshwa mtumbwi wa mizigo, wa mbao, mita nne chini, upande wa Igombe. Haya nimejifunzia hapo.

Kwanza niseme wazi: MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996, si mahali pa mazoezi. Mamia ya ndugu zetu walifia mle, na wengi hawakutolewa. Ni kaburi. Liache.

Hatua ya 1: Ruhusa na usalama
Ongea na BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na viongozi wa mtaa. Kama chombo ni cha kale, waone watu wa Mambo ya Kale. Usizame peke yako, na mtu mmoja abaki kwenye boti. Ziwa lina kichocho, kwa hiyo baadaye kapime.

Hatua ya 2: Picha
Hapa ndipo kazi ilipo. Maji yetu ni ya kijani, na siku nyingi huoni zaidi ya mita mbili. Nenda alfajiri kabla upepo haujaamka. Sogea karibu: umbali wa kamera na mbao usizidi theluthi moja ya unakoweza kuona. Taa usizibandike juu ya kamera. Mara ya kwanza nilifanya hivyo, vumbi la majini likang'aa, na picha zote zikajaa madoa meupe. Ziweke pembeni, kulia na kushoto, mbali na lenzi.

Kila picha irudie robo tatu ya ile iliyotangulia. Pita kwa mistari, kisha zunguka ukipiga kwa kuinamisha kamera. Laza kando ya chombo fimbo yenye alama za kila sentimita 10, bila hiyo kompyuta haitajua ukubwa wake. Ukigusa tope kwa miguu, tulia mpaka litue. Na usiinue ubao wowote, hata kama unaficha kitu kizuri.

Hatua ya 3: Kompyuta
Mtumbwi wangu ulikula picha 600. Programu ya kuziunganisha ziwe modeli, yaani umbo la chombo la pande tatu, ni Meshroom: ni ya bure, ila inataka kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA. Metashape hufanya kazi hiyo hiyo, ila ni ya kulipia. Modeli ikitoka, ipunguze uzito kwa programu ya Blender, la sivyo miwani itakwama na mtazamaji atapata kizunguzungu.

Hatua ya 4: Kulinda
Usitaje mahali chombo kilipo. Picha huweza kubeba alama za ramani ndani yake, zifute kabla ya kuzituma. Wanunuzi wa chuma chakavu nao wana simu. Rudi mwaka ujao, piga upya, linganisha modeli mbili: utaona ubao ulioondoka na mahali nanga ilipokwaruza. Hiyo ndiyo ripoti ya kumpelekea mwenye mamlaka.

Hatua ya 5: Irudishe modeli mwaloni
Mkalishe mzee kwenye kiti imara, mvishe miwani, mshike bega. Wa kwangu alinyoosha mkono hewani akasema, "Hapa palikuwa na tanga, mwanangu." Washa kinasa sauti kabla hajavaa. Kisha maneno yake yaweke ndani ya modeli, pale pale aliponyoosha mkono.