Kupaka koti la kuzuia joto kwenye pistoni za injini ya zamani

Kwanza tuelewane jamani, koti la seramiki juu ya pistoni sio dawa ya injini iliyochoka. Kama taiming (wakati wa plagi kutoa cheche) imekaa vibaya au kabureta inabania mafuta, pistoni itatoboka tu, itoboke na koti lake. Kazi ya koti ni moja, kuchelewesha joto lisizame kwenye alumini, maana alumini inapitisha joto mara 50 na zaidi ukilinganisha na zirkonia, ambayo ndo seramiki inayotumika sana huku, na pistoni ikishapanda huko nyuzi 250 inaanza kupoteza ugumu wake. Injini za kupozwa na upepo kama ya VW Beetle, hapo unaona maana yake. Ila ukitegemea nguvu za farasi ziongezeke utalia.

Haya, kazi yenyewe. Kupuliza dawa ya koti ni dakika kumi, kusafisha ni siku nzima, na hilo nililijua kwa kuumia. Seti yangu ya kwanza niliosha na petroli nikafuta na tambara, zikang'aa, nikapuliza. Zilivyopata moto kwenye oveni, oili iliyokuwa imejificha kwenye vile vitundu vya nyuma ya mfereji wa ringi ya oili ikatoka jasho ikapanda hadi kwenye koti, nikakuta vipele vipele kama chunusi, nikagusa kwa ukucha likabanduka kama ganda la kitunguu.

Kwa hiyo vua ringi zote, toa pini, roweka pistoni mpaka masizi yalainike. Kostiki soda usiiguse kabisa, inakula alumini. Halafu kitu ambacho watu wengi wanasahau: ule mshale wa juu unaoonyesha upande wa mbele wa injini, pamoja na namba ya ovasaizi (pistoni imezidi saizi ya kawaida kwa kiasi gani), vyote vitafunikwa na koti. Andika namba ya silinda na chora mshale kwa ndani kabla hujaendelea, la sivyo siku ya kufunga utabaki unakuna kichwa. Kama kuna kona kali kwenye vile vibonde vya valvu, zipige msasa laini zivunjike kidogo, kwa sababu kona kali inashika moto kuwa nyekundu na koti halikai vizuri pale.

Sasa ingiza pistoni tupu kwenye oveni, nyuzi 150 kama nusu saa, iache ipoe, futa na asetoni kwa kitambaa cheupe, rudia. Siku kitambaa kikitoka cheupe kama kilivyoingia ndo umemaliza. Na oveni iwe ya gereji, sio ile ya kuokea mikate, tafadhali.

Ziba sketi (ubavu wa pistoni chini ya ringi), mifereji ya ringi na tundu la pini kwa maskingtepu ngumu, kisha piga mchanga wa alumini oksaidi saizi 120 kwa presha ndogo, psi 40 hivi, mpaka mng'ao upotee na kichwa kiwe na rangi ya majivu. Usizembee hapa, chembe moja tu ikibaki kwenye mfereji itakuchora silinda yote. Puliza kwa hewa kavu, suuza na asetoni, na kuanzia hapo shika kwa glovu tu, maana alama ya kidole ni mafuta tosha.

Dawa yenyewe itikise kila mara, unga wake unatuama chini haraka mno ukazubaa unapuliza maji matupu. Pasha pistoni kidogo iwe vuguvugu ili dawa ikauke inapogusa, piga mikono miwili mitatu myembamba, jumla mikroni 25 hadi 40, yaani nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Ikichuruzika usijaribu kurekebisha, futa yote uanze upya.

Kuoka fuata maelezo ya kopo, nyingi za kutumia nyumbani zinataka nyuzi 150 hivi kwa saa moja, ila hiyo saa inahesabiwa pistoni yenyewe ikishafika joto, sio oveni. Ile temometa ya kumulika itakudanganya kwenye alumini inayong'aa, inasoma chini kuliko ukweli, bora waya wa kupimia joto uguse chuma. Na usipitishe 200 ukidhani ndo itashika zaidi, pistoni ilishakazwa kwa joto kiwandani, ukiizidishia unailegeza.

Ikipoa toa tepu, sugua na steelwuli laini mpaka vumbi liishe, bandika selotepu ukaivute kwa nguvu. Ikitoka na koti, rudi kwenye mchanga. Zipime pia kwenye mizani zote, uzito usiachane.

Sketi ni habari nyingine, kule hatuweki seramiki, ni lubrikanti kavu ya moli (kilainishi cha molibdeni), na kila mikroni 10 za upande mmoja zinakula 20 kwenye kipenyo, kwa hiyo pima nafasi ya silinda kwa maikromita kabla na baada.

Ukishatembea kilomita mia kadhaa fungua plagi, mulika tochi ndani. Masizi membamba hayana neno, ila ukiona kidoa cha alumini kinang'aa katikati ya koti, kagua taiming na kabureta kabla hujalaumu dawa.