Namna ya kuutuliza mwili wenye msongo kabla ya kuyagusa mawazo

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa wiki tatu na nahodha mmoja wa hapa Lamu, mtu mzima wa miaka 50 na ushei, aliyenijia akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio usiku, usingizi haumchukui ila alfajiri inapokaribia, na anawafokea wanawe kwa mambo ambayo zamani angeyacheka. Deni la mashine ya boti lilikuwa limemkalia shingoni, na kusi ilikuwa imeichafua bahari kiasi kwamba siku za kutoka kuvua zilikuwa chache kuliko siku za kukaa. Mimi ni mshauri nasaha, na kabla ya hapo nilikuwa muuguzi. Nitaeleza ninavyofanya na watu, kwa mpangilio ninaoufuata, pamoja na kosa langu moja ambalo sitaki mwingine alirudie.

Siku ya kwanza nahodha aliniambia, "Mwanangu, mimi sina ugonjwa, nina mawazo tu." Sote husema hivyo pwani hii, na neno lenyewe hutupoteza, kwa sababu hulifanya jambo lionekane liko kichwani peke yake, na kwa hiyo dawa yake iwe ni kuambiwa "usifikiri sana." Ukweli ni kwamba ubongo unapoona hatari, iwe ni wimbi au barua ya mdai, hutuma habari mwilini kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva, nayo huzifikia tezi za adrenali zilizo juu ya figo katika muda wa sekunde chache; adrenalini, homoni ya dharura, humwagika, moyo hupiga kwa kasi, damu huelekezwa kwenye misuli na tumbo huacha kazi yake. Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1915 kuwa ni maandalizi ya kupigana au kukimbia. Njia ya pili ni ya taratibu zaidi: haipothalamasi, sehemu ndogo ya ndani ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari huliamsha gamba la tezi za adrenali, na hapo hutoka kotisoli, homoni ya msongo, ambayo hufikia kilele chake katika damu baada ya dakika 20 hadi 30. Ndiyo maana ugomvi wa gatini ukiisha, mwili huendelea kugombana peke yake.

Kotisoli yenyewe si adui. Kwa kawaida hupanda kuelekea alfajiri ili ituamshe, na hushuka chini kabisa karibu na usiku wa manane. Tatizo ni mwito usiokoma. Mtafiti Hans Selye aliandika mwaka 1936, akiwa Montreal, kwamba panya walioteswa kwa njia mbalimbali, kama vile baridi, majeraha na sumu, walionyesha madhara yaleyale: tezi za adrenali zilivimba, tezi ya thaimasi inayohusika na kinga ilisinyaa, na tumbo likatoka vidonda. Mwili haukujali aina ya taabu, ulijali kwamba taabu haiishi.

Hatua ya kwanza: pima mapigo na pumzi

Kaa dakika tano bila kuzungumza, kisha hesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa dakika nzima, na baadaye hesabu pumzi kwa dakika nyingine. Andika tarakimu zote mbili pamoja na saa. Nahodha alianza na mapigo 92 na pumzi 21. Tumia saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde. Siwashauri watu kuvaa saa za kisasa zinazopima moyo mchana kutwa, kwa kuwa nimeona mtu mwenye wahaka akiitazama tarakimu kila baada ya dakika mbili, na kila akiitazama inapanda.

Hatua ya pili: ondoa vichochezi kwanza

Kahawa ya barazani ni jambo la watu na siwezi kumwambia mtu wa Lamu aiache, lakini naomba isinywewe baada ya alasiri. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini, kwa hiyo aliyekunywa vikombe vitatu saa mbili usiku bado ana nusu yake katika damu saa saba, anapojigeuza kitandani akidhani ni deni linalomkosesha usingizi. Kwa miraa sina ulegevu huo. Kathinoni iliyo ndani yake ni jamaa ya karibu ya amfetamini, dawa ya kuchangamsha mwili, huongeza mapigo na shinikizo la damu na kufukuza usingizi, na hakuna zoezi la kupumua litakaloshindana nayo. Anayetafuna huku akifuata mwongozo huu anapoteza wakati wake na wangu.

Hatua ya tatu: jifunze kutoa pumzi

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nitakapokaa.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu maneno ambayo kila mtu huyasema: "Vuta pumzi ndefu." Nilimwambia nahodha vivyo hivyo. Naye, kwa kuwa ni mtu wa kazi anayefanya jambo kwa nguvu zake zote, alivuta kifua chote, akatoa haraka, akavuta tena. Baada ya dakika nne hivi vidole vilimfa ganzi, midomo ikawa inamchoma kama iliyokula pilipili, kichwa kikawa chepesi na kifua kikambana. Akasimama akaniambia, "Mwanangu, moyo ndio huo, nifikishe hospitali." Tulikwenda. Tukakaa huko zaidi ya saa tatu, akapimwa mkondo wa umeme wa moyo, na majibu yakawa safi. Njiani tukirudi sikuwa na la kumwambia, maana dalili zile nilizisababisha mimi.

Kilichotokea ni hiki. Mtu anayepumua kwa nguvu na kwa haraka kuliko mahitaji ya mwili huitoa kaboni dioksidi nyingi mno. Damu hubadilika kiasi na kuelekea ualkali, madini ya kalsiamu yaliyo huru ndani yake hupungua, na neva za vidole na midomo huanza kuwasha na kufa ganzi. Mishipa ya damu ya ubongo nayo hujibana, ndipo kizunguzungu huja. Mtu aliyekwisha kuwa na hofu ya moyo huzisoma dalili hizi kuwa ndizo alizokuwa akiziogopa, hofu humwongezea pumzi, na pumzi humwongezea dalili. Hewa anayo tele, ila yeye huona imemwishia.

Kwa hiyo sasa sitamki kabisa neno "vuta." Nasema "toa." Sababu yake ni kwamba moyo huongeza kasi kidogo tunapovuta pumzi na huipunguza tunapoitoa, kwa kuwa neva ya vagasi, iendayo kutoka shina la ubongo hadi moyoni, huushika moyo kwa nguvu zaidi wakati wa kutoa. Jambo hili unaweza kulisikia mwenyewe ukiweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Pumzi ya kutoka ikirefushwa, kipindi cha moyo kushikwa nacho hurefuka.

Keti ukiegemea ukuta, mkono mmoja ukiwa juu ya kitovu. Anza kwa kutoa pumzi uliyonayo, bila kuvuta nyingine kwanza, kwa kupitisha hewa katika midomo iliyobana kidogo kama anayepoza chai. Ikiisha, usivute, acha tumbo liinuke lenyewe na hewa iingie kwa pua, kiasi kidogo tu. Mkono wa kitovuni ndio unaosogea, mabega hayapandi. Lengo la mwisho ni hesabu ya sekunde nne kuingia na sita kutoka, yaani pumzi sita kwa dakika. Lakini, na hili lilinigharimu siku nyingine mbili, usiliendee lengo hilo siku ya kwanza. Mtu mwenye pumzi 21 kwa dakika amezoea kiwango cha chini cha kaboni dioksidi, na ubongo wake hupiga kelele kikipanda hata kidogo. Ukimlazimisha ashuke hadi sita atahisi anazama. Nahodha alianza na mbili kuingia na tatu kutoka, akakaa hapo siku tatu. Kisha tatu kwa nne. Nne kwa sita aliifikia siku ya 12. Njaa ya hewa ikija, punguza hesabu, usiongeze nguvu.

Usizuie pumzi katikati. Najua wako wanaofundisha kuzuia, na kwa mtu mzima wa afya pengine hakuna dhara, lakini sioni faida yake kwa mwenye hofu, na mwenye pumu au mama mjamzito simruhusu kabisa. Vilevile usimpe mtu mfuko wa karatasi apumulie kama watu wanavyofanya, kwa sababu ikiwa kumbe ni pumu au moyo kweli, utakuwa umempunguzia oksijeni saa anayoihitaji.

Fanya dakika kumi baada ya sala ya alfajiri na dakika kumi kabla ya kulala, ukiwa mtulivu, na usingoje wahaka ukushike ndipo ujaribu. Nahodha mwenyewe alilielewa hili kabla sijamaliza sentensi: hakuna anayejifunza kutua tanga dhoruba ikiwa imekwisha kufika.

Kuhusu kuhesabu, programu za simu zenye duara linalopanuka na kunywea sizipendi, kwa kuwa simu ileile ndiyo inayoleta ujumbe wa mdai. Kwa waliozoea uradi, natumia tasbihi: utajo mmoja kwa pumzi moja ya kutoka, polepole, bila haraka ya kumaliza mia. Mwaka 2001 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia walionyesha kwamba kusoma rozari kwa Kilatini, au mantra ya Kibudha, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, huteremsha upumuaji hadi karibu mara sita kwa dakika. Nahodha alipofanya uradi wake nikiwa na saa mkononi, alifika saba bila mimi kumhesabia chochote, nikajuta kwa nini sikuanzia huko.

Hatua ya nne: legeza misuli

Kaza ngumi kwa sekunde tano, iachie, kisha fanya vivyo hivyo kwa mabega, taya na nyayo. Njia hii ni ya daktari Edmund Jacobson wa Chicago, aliyeiandika kitabuni mwaka 1929. Inatosha mara moja kwa siku, kitandani.

Hatua ya tano: sasa yaandike mawazo

Usiifanye hatua hii kabla ya wiki moja ya kupumua. Wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walieleza mwaka 1984 kwamba msongo hutokana na jinsi mtu anavyolipima jambo: kwanza hujiuliza kama lina madhara kwake, kisha hujiuliza ana nini cha kulikabili. Mtu ambaye moyo unamwenda mbio hulijibu swali la pili kwa kusema "sina," hata akiwa nacho. Wao pia waligawa kukabiliana katika sehemu mbili, yaani kulishughulikia tatizo lenyewe na kuzishughulikia hisia zinazotokana nalo, na kosa kubwa ninaloliona ni kutumia njia ya moja mahali pa nyingine.

Chukua daftari la karatasi, baada ya alasiri na si usiku, upige mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika yale ambayo mkono wako unayafikia, upande wa pili yale usiyoyafikia. Siku ya tatu nahodha alitaka kuandika nikamruhusu, nikakosea tena: aliyaweka yote upande wa pili, deni, bahari, karo, na fidia ya wavuvi waliodhurika na ujenzi wa bandari mpya, ambayo Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2018 iwe shilingi bilioni 1.76. Siku ya tisa tuliuanza ukurasa upya. Bahari na fidia zilibaki pale pale, na kwa hayo nilimwambia, "Ami nahodha, haya kazi yake ni pumzi na uradi, usiyabebe kichwani kana kwamba ukiyafikiria zaidi yatasogea." Lakini deni alilihamisha mwenyewe. Alikumbuka kwamba mdai wake ni mtu wa bahari pia, anayejua kwamba kusi ikilegea samaki hupatikana, na kwamba hajawahi kumwendea kuomba muda, alikuwa akimkwepa tu.

Kwa mwenye jeraha la zamani asiloweza kulisema, ukurasa wa pande mbili hautoshi. Wanasaikolojia James Pennebaker na Sandra Beall walijaribu mwaka 1986 kuwaandikisha wanafunzi mambo mazito yaliyowapata, dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Wengi huhisi vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, kwa hiyo simwachi mtu aifanye akiwa peke yake nyumbani.

Hatua ya sita: mtu mmoja wa kumwambia

Mwanabiolojia Robert Sapolsky aliwachunguza nyani wa Maasai Mara kwa miongo kadhaa tangu mwaka 1978, akaona kwamba madume waliokuwa na wenzao wa kukaa nao na kusafishana manyoya walikuwa na homoni za msongo kidogo kuliko waliokaa pembeni. Mtafute mmoja anayejua kusikiliza. Baraza ni mahali pa kuchangamka, lakini siri haipelekwi barazani.

Hatua ya saba: wakati wa kuuacha mwongozo huu

Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho au kuishiwa nguvu, si ya kupumuliwa: nenda hospitali mara moja. Kadhalika huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili, kukosa hamu ya kula na ya watu, au fikra ya kujidhuru hata ikiwa imepita mara moja. Hayo hupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, na mtu asiachwe peke yake.

Rudia vipimo vya hatua ya kwanza kila baada ya siku saba, kwa saa ileile, kwenye kiti kilekile, kwa kuwa mapigo ya asubuhi hayalingani na ya jioni. Siku ya 21 nahodha alikuwa na mapigo 76 na pumzi 13, na alikuwa akilala tangu saa tano. Mdai amempa hadi kaskazi iingie. Deni lenyewe liko vilevile, shilingi kwa shilingi.