Kusoma CT ya kifua kabla ya upasuaji wa saratani ya pafu: hatua ninazozifuata

Daktari wa upasuaji anapokuletea picha za CT (eksirei za mikato ya mwili zinazoundwa na kompyuta), mara nyingi hakuulizi kama saratani ipo. Anataka kujua mambo mawili: je, uvimbe wote utatoka? Na pafu litakalobaki litamtosha mgonjwa? Usipoyaweka maswali hayo mbele, utaandika ripoti ndefu isiyomsaidia.

Hatua ya 1: Kagua picha zenyewe

Mikato iwe myembamba, milimita 1 hadi 1.5, mgonjwa akiwa amevuta pumzi na kuibana. Dawa ya kontrasti, inayofanya mishipa na tishu zing'ae pichani, ipite mshipani, baada ya kuuliza habari za mzio na kuangalia figo. Picha zishuke mpaka uone ini na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Zikiwa za miezi kadhaa nyuma, omba mpya.

Hatua ya 2: Pima uvimbe

Pimia kwenye dirisha la mapafu (mpangilio wa mwanga wa picha unaofaa kuona mapafu), si la nyama laini, maana huko kingo hupotea na uvimbe huonekana mdogo kuliko ulivyo. Utazame kwa mlalo, kwa mbele na kwa ubavuni, kisha chukua kipimo kirefu kuliko vyote. Kipimo hicho huupa uvimbe daraja la ukubwa, T. Hadi sentimita 3 ni T1. Zaidi ya 3 hadi 5, T2. Zaidi ya 5 hadi 7, T3. Kupita 7, T4. Kivimbe chenye sehemu ngumu na sehemu ya ukungu huhesabiwa kwa ile ngumu.

Mtego uko kwenye pafu lililosinyaa. Uvimbe ukiziba njia ya hewa, sehemu iliyo nyuma yake husinyaa, na vyote viwili huonekana donge moja. Tafuta mpaka kwenye picha za kontrasti: pafu lililosinyaa kwa kawaida hung'aa kuliko uvimbe.

Hatua ya 3: Fuata mipaka

Hapa mimi hukaa muda mrefu kuliko kwingine. Anza na ufa unaotenganisha lobu, yaani sehemu kubwa za pafu. Uvimbe ukiuvuka, upasuaji wa lobu moja unaweza kugeuka wa lobu mbili, au upande wa kushoto, pafu zima. Kisha fuata bronkasi, njia ya hewa ya pafu, hadi trakea (bomba kuu la hewa) inapogawanyika, na uandike umbali uliobaki. Ateri ya pafu nayo ifuate mkato kwa mkato.

Ukuta wa kifua ndio unaowaponza wengi. Kugusa si kuvamia. Hata safu ya mafuta ikifutika, bado una shaka tu; ubavu ulioliwa ndio ushahidi. Muulize mgonjwa kama anaumwa pale pale uvimbe ulipogusa, kwani jibu lake mara nyingi hushinda picha. Uvimbe wa kileleni mwa pafu upigiwe MRI (picha za sumaku), uone mishipa ya fahamu iendayo mkononi. Na usiandike "haufai kupasuliwa". Mbavu zilizovamiwa huweza kukatwa pamoja na uvimbe, na uamuzi huo si wako.

Hatua ya 4: Tezi za limfu

Pima upana mfupi; ukizidi milimita 10, tezi hiyo inatiliwa shaka. Saratani ikifika kwenye tezi, daraja lake ni N, kufuatana na mahali zilipo. Zilizo kwenye mzizi wa pafu lenye uvimbe ni N1, za katikati ya kifua upande huo huo ni N2, za upande wa pili au juu ya mtulinga ni N3.

Nilipokuwa mgeni kazini niliona tezi ya milimita 14 nikaandika moja kwa moja kuwa saratani imeenea. Mpasuaji hakuridhika, akaomba ichomwe sindano kwa bronkoskopi (kamera ya njia ya hewa) yenye altrasaundi. Kilichotoka ni kifua kikuu. Mgonjwa alipasuliwa. Tangu siku hiyo naandika "tezi imekua, ichukuliwe kipande kipimwe".

Hatua ya 5: Tazama mbali

Sasa tafuta kama saratani imeenea nje ya kifua. PET, skani inayoonyesha tishu zinazotumia sukari nyingi, hutumia sukari yenye mionzi, kwa hiyo mgonjwa asile kwa saa 4 hadi 6. Kifua kikuu nacho huwaka, na kasinoidi, aina ya uvimbe unaokua polepole, huweza isiwake kabisa. Kivimbe cha adrenali chenye Hounsfield (kipimo cha msongamano wa tishu kwenye CT) 10 au pungufu bila kontrasti karibu kila mara si saratani. Ubongo ni kazi ya MRI.

Hatua ya 6: Hesabu pafu litakalobaki

Mapafu yana segmenti (vipande vya lobu) 19: kulia 10, kushoto 9. Mgonjwa mwenye FEV1 (hewa anayoitoa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza) ya lita 2.0 anayeondolewa lobu ya juu kulia, yenye segmenti 3, atabaki na 16: 2.0 × 16 ÷ 19, takriban lita 1.7. Segmenti zilizokwisha kuzibwa usizihesabu popote, si kwenye jumla wala kwenye zitakazokatwa au kubaki, kwa kuwa hata sasa hazipumui.

Lobu inayokatwa ikiwa imeharibiwa na emfisema (ugonjwa unaobomoa vifuko vya hewa), hesabu hii humpunja mgonjwa, kwani anapoteza sehemu isiyomfaidi sana. Hapo omba skani ya mtiririko wa damu mapafuni, na hesabu ifuate mgawo wa damu badala ya idadi ya segmenti.