Mtoto Asiyeacha Kunawa Mikono: Hatua za Kumsaidia Nyumbani

Wengi wanaoletwa kwangu wana mikono iliyochubuka kwa sabuni, na mama aliyechoka kuulizwa: "Mama, nimetakata kweli?" Pwani tunaiita wasiwasi, hasa mtoto akirudia udhu mara tano. Hospitalini huitwa OCD: wazo la kutisha humjia bila kutaka, naye hurudia tendo fulani ili atulie. Si ukaidi, wala si upungufu wa imani.

1. Upeni ugonjwa jina. Mtoto achague mwenyewe, tuseme Msumbufu. Kuanzia hapo mnapambana na Msumbufu, si na mtoto. Kijana mkubwa anaweza kuona huo utoto, mwache.

2. Pangeni ngazi ya hofu, 0 hadi 10. Kushika kitasa cha mlango: 3. Kushika kandambili za msalani: 7. Namba anatoa yeye. Mnaanza chini.

3. Ashike, asinawe. Hii ndiyo tiba yenyewe. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliieleza London mwaka 1966. Mtoto anashika kitasa, anakaa, anakutajia namba kila baada ya dakika chache. Hofu itapanda kwanza. Usikimbilie kumwokoa. Mara nyingi hushuka yenyewe, na hata isiposhuka amejionea kwamba anaweza kukaa nayo. Rudieni kila siku mpaka kitasa kimchoshe, ndipo mpande. Kunawa kabla ya kula na baada ya msalani kunabaki, mara moja tu. Wa udhu anatia mara moja, anaswali na shaka yake. Ustadhi wake akimwambia hivyo, husaidia sana. Lakini usimlazimishe kwa nguvu: akiburutwa, hofu inakua.

4. Punguza majibu yako. Hapa wazazi huumia kuliko watoto. Kila ukisema "umetakata, mwanangu," anatulia kidogo, kisha swali linarudi likiwa na nguvu zaidi. Mwambie mapema: wiki hii nitajibu mara moja kwa siku. Akiuliza tena: "Huyo ni Msumbufu. Niko nawe, ila yeye simjibu." Bibi na dada wa kazi wafuate hivyo hivyo, la sivyo mtoto atawafuata wao.

Ngazi za juu zifanyike na mwanasaikolojia. Dalili zikiwa kali, daktari anaweza kuongeza dawa: utafiti wa Marekani wa 2004, wenye watoto na vijana 112, ulionyesha tiba hii pamoja na dawa ya sertralini zilipunguza dalili zaidi kuliko kimoja peke yake. Mtoto akiacha kula, akigoma shule au akitaja kufa, usisubiri ngazi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.